Hedifoni Zenye Njaa

Karatu, Jumamosi, Julai 2008

Leo ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana. Hii baridi ya mwezi wa saba ukivaa sweta mbili bado inakutafuta. Nimerudi kutoka Ganako, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa. Mume wangu yuko kreta ya Ngorongoro na watalii wake, nyumba imetulia. Sina kisingizio cha kuahirisha tena.

Mwezi wa tano nilimdanganya mama mmoja mtu mzima. Nilimdanganya huku namtazama machoni.

Kwa wewe unayepita hapa kwenye blogu yangu kwa mara ya kwanza: zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa ni mwaka wa pili nafanya kazi na mradi mdogo wa lugha. Kuna kanda nyingi za wazee wetu wa Kiiraqw, zilizorekodiwa miaka ya tisini, na zote zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Mimi nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika kwa Kiiraqw, kisha natafsiri kwa Kiswahili. Ni kazi ya masikio tu. Naipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Mwezi wa tatu hedifoni zangu za zamani zilikufa. Mkuu wa mradi, anayeishi nje ya nchi, akanitumia nyingine. Kubwa, nyeusi, mito yake laini kama mahameli. Kwenye barua aliandika kwamba ni za studio, za daraja la juu kabisa, na kwamba sasa hakuna neno litakalonipita.

Nikazivaa. Sauti ikaja kutoka mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikaongeza mpaka mwisho. Bado mbali.

Sikuzitilia shaka hedifoni. Nani anatilia shaka kitu cha daraja la juu? Niliyatilia shaka masikio yangu.

Baba yangu alikuwa katekista. Alipofika miaka hamsini na kitu alianza kulalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno. Miaka michache baadaye alikuwa anakaa benchi la nyuma kanisani, akitabasamu kwa kila kitu kwa sababu hasikii chochote. Mimi nina miaka thelathini na minane. Nikajiambia, basi, zamu yangu imefika mapema.

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Niliendelea kufanya kazi huku nimezikandamiza zile hedifoni kwa viganja. Pasiposikika niliweka nukta tatu. Nukta zikawa nyingi mno, nikaanza kuzionea aibu nazo. Ndipo nikaanza kujaza.

Neno hapa, neno pale, kwa kufuata maana. Hivyo ndivyo nilivyojifariji.

Kanda mojawapo ilikuwa ya bibi mmoja wa Buger. Nitamwita Bibi Martina. Alirekodiwa miaka michache kabla hajafa, na humo anasimulia maisha yake: njaa, ng'ombe, ndoa, watoto. Kuna mahali anamzungumzia binti yake, nitakayemwita Mama Theresia, ambaye yuko hai na anaishi Ganako. Majina si yao. Mama mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti hilo.

Theresia alipokuwa msichana alitoroka na kijana wa Kimasai mpaka Malambo. Kwa wakati ule, Mwiraqw kwenda kwa Mmasai ilikuwa habari ya kuwainua wazee vitini. Alizaa huko watoto wawili, wote wakafa wachanga. Mume naye akafa. Akarudi kwa mama yake mikono mitupu, akapokelewa, na ile habari haikuzungumzwa tena mle ndani. Nje ilizungumzwa. Watu walisema watoto waliuawa na laana ya mama. Kwetu laana ya mzazi si maneno ya hasira yanayopita na upepo. Inakaa, inafanya kazi.

Pale kwenye kanda Bibi Martina anasema neno moja kuhusu laana, kisha sentensi nzima inazama. Nilisikia shina la neno. Nikaandika: "Nikamlaani." Baada yake nikaweka nukta tatu.

Anayejua Kiiraqw ameshaelewa. Kiswahili kinakanusha mwanzoni, "si" inatangulia na kukuonya. Sisi tunakanusha mkiani mwa neno, palepale pumzi ya mzee inapokwisha.

Mwezi wa tano tulipeleka nakala kwa familia ili wazikubali kabla ya kuchapishwa. Ya Ganako niliipeleka mwenyewe. Mama Theresia alinikaribisha, akanipa maziwa, akamwita mke wa mpwa wake amsomee. Walipofika pale, akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli alisema hivyo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Ni maneno yake mwenyewe."

Ningeweza kusema sikusikia vizuri. Lakini ningesema hivyo, angeniuliza kwa nini.

Wiki mbili zilizopita nilikutana sokoni na yule mke wa mpwa. Akaniambia Mama Theresia hakwenda Buger mwaka huu. Kila mwaka masika yakiisha huenda kupalilia kaburi la mama yake, kisha huomba misa ya kumwombea. Safari hii padri alipouliza, alijibu kwamba hana mama wa kumwombea.

Niliacha nyanya zangu kwenye meza ya muuzaji, nikaondoka.

Alhamisi nilizibeba hedifoni kwa Fundi Aminieli. Ni Mchaga wa Machame, yupo hapa Karatu miaka mingi, anatengeneza spika za makanisa na ana chumba cha kurekodia kwaya nyuma ya duka lake. Nilimdanganya na yeye. Nilisema upande mmoja unakatika.

Akazipima kwa mita, kushoto, kulia. Akaziweka kichwani, akaangalia pale zilipochomekwa kwenye kompyuta yangu, akacheka kimyakimya.

"Mwalimu, hizi haziumwi," alisema. "Hizi zina njaa."

"Njaa ya nini?"

"Ya umeme. Hizi ukinzani wake ni ohm mia sita. Hilo tundu la kompyuta limetengenezwa kwa vile vidude vya kuchomeka sikioni, ohm thelathini na kitu. Umeleta ng'ombe wa kisasa, unamlisha majani ya mbuzi. Atatoa maziwa wapi?"

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilimuuliza, taratibu, kama na yeye alikuwa anasikia sauti ikiwa mbali.

"Mbali sana," alisema. "Kama iko Mbulu."

Sijui kama aliona nilivyoshusha mabega. Miezi minne nilikuwa nauguza masikio yasiyoumwa.

Lakini kazi haikuishia hapo. Alichukua amplifaya moja ya dukani akaiweka katikati ya kompyuta na hedifoni. Sauti ikaja kubwa, na pamoja nayo mvumo kama wa nyuki, na kila nilipogusa kipanya cha kompyuta nilisikia mkwaruzo. Akasema huo ni uchafu wa ndani ya kompyuta. Sauti imehifadhiwa mle kama tarakimu, na inageuzwa kuwa sauti mlemle, jirani na feni na diski na kila kitu kinachotetemeka. Ukiikuza sauti, unakuza na uchafu wake. Akatoa kiboksi kidogo anachokiita kigeuzi, ambacho anakitumia kwa kwaya. Hicho kinapokea tarakimu kwa waya na kuzigeuza nje, mbali na kelele. Mvumo ukapungua, ila haukwisha. Safari hii ulitoka kwenye ile amplifaya yenyewe. Akaitoa, akaleta nyingine aliyoiunda kwa mikono yake, haina hata kasha, inatumia betri ya gari.

Nilimuuliza, kama ni nzuri hivyo, kwa nini haitumii kwa kila kitu. Badala ya kujibu akanichomekea hedifoni zake nyepesi kwenye amplifaya ileile. Zikavuma vibaya kuliko mwanzo. "Unaona? Nguvu hii kwa hizi ni kuzipiga. Kila moja na mwenzake. Watu wanauliza ipi ni bora. Waulize ipi inamfaa nani."

Akazirudisha zile kubwa. Nikafungua kanda ya Bibi Martina.

Kwanza kukawa kimya. Kimya chenye chumba ndani yake. Nikasikia kuku akiparua. Nikasikia bangili za bibi zikigongana aliposogeza mkono, na maji yakichemka mahali. Halafu akaanza kuongea, na alikuwa amekaa pembeni yangu.

Nikaenda mpaka pale. Neno likaja, na mkia wake. Nikarudisha. Likaja tena na mkia wake.

Sikuthubutu kujiamini. Nilimpa fundi hedifoni. Yeye Kiiraqw anajua kusalimia tu. Nikamwambia asijali maana, aniambie tu kama baada ya neno fulani kuna kitu chochote. Akafumba macho, akasikiliza mara tatu.

"Kuna kitu kifupi," alisema. "Kama mtu kaweka kikombe mezani. *Ka.*"

Sikumlaani.

Na zile nukta tatu zilikuwa sentensi kamili. Nililia pale dukani. Fundi akainuka, akajifanya anapanga nyaya.

Leo asubuhi amenipeleka Ganako kwa pikapu yake, na betri, na kigeuzi, na ile amplifaya isiyo na kasha ameifunga kwenye taulo. Mama Theresia alikuwa uani anapeta maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nilikuwa nimeamua nikiri kwanza, kabla ya kumsikilizisha chochote. Niliogopa kwamba akifurahi kwanza, nitapata njia ya kukwepa.

Nikamwambia yote. Hedifoni, masikio, baba yangu, kujaza.

Aliendelea kupeta.

"Kwa hiyo uliandika usichokisikia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

Akaweka ungo chini. "Niwekee huyo mama yangu."

Tulimvalisha hedifoni juu ya kilemba. Nilipobonyeza, mkono wake uliruka ukashika ukingo wa kigoda. Alisikiliza kile kipande, uso wake haukubadilika, akanionyesha kwa kidole nirudishe. Nikarudisha. Mara ya pili alianza kuzitamka sentensi pamoja na mama yake, kwa sauti ya chini, kwa Kiiraqw. Ninaziandika hapa kwa Kiswahili jinsi zilivyo, bila kujaza:

"Sikumlaani. Ningemlaani vipi, na gogo la mlango nililiondoa mimi."

Alivua hedifoni mwenyewe.

"Alfajiri ile nilipotoroka mlango haukuwa na gogo," alisema. "Tulikuwa tunafunga kila siku, ng'ombe walilala ndani. Nikasukuma, ukafunguka. Maisha yangu yote nilidhani baba alisahau kuliweka."

Fundi akaenda kusimama kwenye pikapu. Mimi sikujua pa kusimama.

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti, si kwa maigizo. Akaniinua kwa kiwiko, lakini hakusema yale niliyotaka kuyasikia.

"Veronika, siwezi kukuambia yamekwisha," alisema. "Miezi miwili nilikuwa nikiamka namwona mama yangu amenigeuzia mgongo. Wale watoto wangu nikawazika upya. Wewe ulikuwa unaogopa watu wasijue husikii."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ningekusaidia kusikiliza. Sauti yake naijua."

Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma mpaka sasa. Halikunijia akilini hata siku moja. Niliona bora nibuni peke yangu kuliko kuuliza.

Kisha akaomba arudishiwe hedifoni, na kanda ianze mwanzo. Alisikiliza yote, karibu saa nzima, na mahali fulani akacheka, sikujua ni wapi. Betri ya fundi ilivumilia. Hatukumwingilia.

Mchana huu nimemwandikia mkuu wa mradi. Nimemwambia hedifoni alizotuma ni nzuri kweli, ila hazifanyi kazi peke yake, na nimemweleza kigeuzi na amplifaya ni nini kwa maneno ya Fundi Aminieli. Hilo lilikuwa rahisi. Aya ya pili ndiyo iliyonichukua muda. Kuna kanda kumi na moja nilizozisikiliza tangu mwezi wa tatu, na katika zote kuna maneno yangu ndani ya vinywa vya marehemu. Nimemwomba asichapishe hata ukurasa mmoja mpaka nizirudie zote, na familia wakiwa wamekaa pembeni yangu wanasikiliza. Akiamua kunisimamisha kazi, atakuwa na haki. Nimeshaituma. Nilibonyeza haraka nisije nikaisoma tena.

Jioni mume wangu akirudi nitamwambia na yeye. Sijui nianzie wapi, labda kwa baba.

Na kesho baada ya misa nakwenda Buger. Mama Theresia aliniambia tulipokuwa tunaagana, kwa sauti ileile ya kawaida anayoitumia kuuliza bei ya chumvi. Anataka nisimame kaburini niyaseme mwenyewe, yale niliyoandika na yale yaliyosemwa. Halafu akaongeza kwamba majani ya masika yamekua sana kwa kuwa hakuna aliyepalilia.

Amesema nije na jembe.