Picha Isikatike

Jumapili, 3 Machi

Kichwa kizito. Jana pambano lilikwama raundi ya tano — simu zote, kumbi zote, kwa mpigo mmoja. Mtandao unaobeba video za kampuni yetu ulianguka, na sisi warusha mapambano tulikuwa na huo mmoja tu. Kwenye skrini ngumi ikabaki hewani, haijafika shavuni. Watu wakaingoja ifike. Halafu wakachoka kungoja.

Katika ukumbi wa video wa mtaani kwetu walidhani mwenye ukumbi amezima makusudi. Walivunja mabenchi, wakampiga kwa mguu wa benchi. Jicho la kushoto limepasuka. Asubuhi nimempita mkewe akisugua kizingiti kwa mchanga, maji yanatiririka mekundu. Nikampa pole. Ameitikia bila kuinua kichwa. Hajui ninafanya kazi wapi — au anajua.

Mdogo wangu, bondia wetu wa nyumbani, amecheka mpaka chai ikampalia. Anasema watazamaji walipigana vizuri kuliko waliovaa glavu. Mama kamwambia anyamaze.

Jumatatu, 4 Machi

Ofisini vioo vya mbele vyote chini. Mpokezi wetu ameshonwa kuanzia nyusi hadi sikio. Jiwe lilipitia dirishani akiwa anapokea simu, anaomba radhi kwa niaba yetu.

Bosi ametuita tukiwa tumesimama juu ya vigae vya kioo. Kwa kifupi: hatutategemea mtandao mmoja tena. Kazi nimepewa mimi pamoja na Kipara, fundi mwenzangu. Tunachukua mitandao mitatu ya usambazaji. Kila mmoja una mashine zake katika miji mingi, kila mashine inahifadhi nakala ya video karibu na mtazamaji. Ukianguka mmoja, watazamaji wanahamishiwa wa pili, wala wasijue. Kipara akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mpokezi akataka kucheka, nyuzi zikamkataza.

Alhamisi, 14 Machi

Imekubali! Siku zote hizi tulikuwa tunagombana na sekunde. Vipande vya video lazima vilingane katika mitandao yote mitatu, la sivyo mtu akihamishwa picha inaruka, bondia aliyelala anaonekana amesimama. Leo vimelingana. Ile programu inayowahamisha watazamaji tumeiita Usukani. Nilikuwa naangalia pambano la zamani kwenye simu, Kipara akazima mtandao wa kwanza bila kuniambia. Picha haikupepesa hata jicho. Akazima wa pili. Picha ikaendelea. Tukakumbatiana kama watu waliofunga bao.

Nimerudi nyumbani na furaha yangu, nikaikuta ya mwenzangu imetangulia. Mdogo wangu amepata pambano kubwa: Aprili kumi na tatu, yeye na Mchinjaji. Litarushwa na sisi. Amelitangaza huku mdomo umevimba kwa mazoezi, Mama anamkanda kwa kitambaa cha baridi. Mama kamaliza kukanda, kabeba beseni, katoka nje.

Mtu wa mwisho kupigana na Mchinjaji analishwa na dada yake kwa kijiko. Hilo kila mtu analijua.

Jumatano, 27 Machi

Mdomo wangu umechanika. Nieleze ilivyokuwa.

Juzi nilimkuta mdogo wangu bafuni anatapika. Kichwa kinamgonga tangu wiki iliyopita, akaniomba nisimwambie Mama. Leo mchana nikaenda mwenyewe kule wanakofanyia mazoezi. Nimeingia nikakuta amepiga goti katikati ya ulingo, macho yameenda mbali, na kocha anamzaba vibao ili aamke. Paa! Paa! Kama anayekung'uta mkeka. Halafu akamwambia ainuke, bado raundi mbili.

Nilimshika kocha ukosi. Nikamwambia huyu anaumwa, apelekwe akapimwe kichwa. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Dada, kichwa cha bondia huuma kama mguu wa mkimbiaji. Daktari wa mchezo ameshampitisha."

Daktari mwenyewe alimmulika tochi machoni, basi.

Sikumwachia. Wenzake wakaanza kucheka pembeni. Ndipo mdogo wangu alipokuja, na glavu mkononi, akanisukuma. Sidhani alikusudia nguvu zile. Nikagonga ukuta kwa uso. Damu ikajaa mdomoni. Yeye mwenyewe alishtuka kuiona, ila hakusogea. Kasema tu, chini chini, "Usiniaibishe."

Huyu nilimbeba mgongoni.

Mama nimemwambia nimejikwaa ngazini. Amenitazama mdomo, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwomba Bosi siku ya pambano niwe mapumziko. Amekataa, na kusema kweli ana haki: Usukani tunaujua watu wawili tu. Nikamweleza kuhusu kutapika. Akasikitika, tena kwa dhati, nadhani. Ila pambano si lake, ni la mwandalizi. Lake ni picha. "Litokee litakalotokea ulingoni," akasema, "picha isikatike."

Yeye na mwandalizi wamekubaliana jambo. Tukipoteza picha kabisa, taa nyekundu itawaka kando ya ulingo, refa atapiga kengele, mabondia warudi kwenye kona zao hadi tuseme iko sawa. Mtazamaji asikose ngumi hata moja. Hilo ndilo lililowaumiza vichwa.

Mwenye ukumbi ametoka hospitali. Jicho limefunikwa pamba. Ameweka wavu wa chuma mbele ya skrini, na mlangoni kabandika picha ya mdogo wangu, kubwa, kidevu juu. Akaniuliza kama safari hii mambo yatakuwa salama. Kumbe alikuwa anajua ninakofanya kazi. Nikamwambia salama kabisa, tuna mitandao mitatu. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi, 13 Aprili

Asubuhi mdogo wangu kamkumbatia Mama, mimi kanigusa kidonda cha mdomo kwa kidole. Hakusema samahani. Yeye ndivyo anavyosema samahani.

Jioni sasa.

Raundi tatu za kwanza alipigana vizuri. Ya nne Mchinjaji akampata sikioni na miguu ikasahau kazi yake. Hapo hapo watazamaji wakamiminika kama siafu — na mtandao wa kwanza ukaanguka. Usukani ukawahamisha. Raundi ya tano wa pili ukaanza kukohoa, tukauacha, tukawatia wote kwenye wa tatu. Kipara ananipiga bega, anasema imeshika, dada, imeshika! Ni kweli ilishika. Safi kama kioo. Nimeijenga mimi, na kupitia hiyo dunia nzima ikaona jino la mdogo wangu likiruka na kutua kwenye shati la refa.

Alianguka. Akasimama. Refa akamtazama, akaashiria waendelee. Mchinjaji akamweka kwenye kamba, akawa anampiga taratibu, kama mtu anayetwanga na hana haraka. Mikono ya mdogo wangu ilikuwa chini. Shingo inakwenda kila upande inakopelekwa. Kocha, taulo la kurusha ulingoni kusalimu amri liko begani kwake — begani! — wala halishiki. Refa anazunguka zunguka.

Mama akapiga simu. Haangaliagi, ila mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele. Akauliza, "Mwanangu, wanashangilia nini?"

Nikaufunga mtandao wa tatu.

Sikufikiri. Au nilifikiri tangu ile Ijumaa ya habari za taa nyekundu, sijui. Skrini za watu zikawa nyeusi. Tuna skrini moja ya ndani, inatoka ulingoni moja kwa moja, hiyo ikabaki. Taa nyekundu ikawaka. Kengele. Mchinjaji akarudi kwenye kona yake amekasirika. Mdogo wangu wakamkokota hadi kwenye kigoda. Akakaa. Halafu akateleza kama shati linalodondoka kwenye msumari. Daktari wa mchezo akapanda, safari hii bila tochi, akapunga mikono juu kwamba basi.

Kipara alikuwa anautazama mkono wangu. Kasema tu nirudishe. Nikarudisha. Kwenye picha palikuwa na machela.

Lakini kumbi hazikungoja picha irudi. Kutoka dirishani tumehesabu mioshi mpaka tukaacha.

Jumapili, 14 Aprili

Wodini. Walimpasua jana ile ile. Damu ilikuwa imejaa kati ya fuvu na ubongo. Daktari wa hapa amemwambia Mama kwamba ngumi mbili tatu zaidi, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Mama akasema alhamdulillahi, akakaa chini sakafuni.

Nami ningesema alhamdulillahi. Ila mwenye ukumbi amefariki. Wameung'oa ule wavu wa chuma na kumpiga nao. Waliomuua wengine ni majirani, mmoja hutuuzia mkaa. Mkewe nimemwona kwenye korido, kashika kiatu kimoja. Nikageuka, nikapita mlango mwingine.

Kipara amenitumia ujumbe tangu asubuhi. Bosi ameona kwenye rekodi kwamba mtandao wa tatu haukuanguka. Ulifungwa. Kipara kaulizwa, kajibu hajui. Anasema atazidi kutojua kadiri atakavyoweza, lakini ana watoto.

Mdogo wangu ameamka saa ile ya kubadilishiwa dripu. Kichwa chote bandeji, jicho moja ndilo linafunguka. Nikamwinamia. Nilitegemea aombe maji. Akaniuliza kama picha ilikatika kweli. Nikasema ndiyo. Akanishika mkono. Akasema kwa shida, neno kwa neno, kwamba Mchinjaji alikuwa anachoka, yeye alikuwa anavuta muda, raundi iliyofuata angemmaliza. Anaamini. Uso umejaa imani.

"Niapie si wewe uliyeikata," akasema.

Nilifungua mdomo. Kidonda kikafunguka nacho. Usingizi ukamchukua kabla sijatoa sauti, lakini hajaniachia mpaka sasa. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto anao yeye. Bado ana nguvu, huyu.

Mama alikuwa anasikia yote. Yuko upande wa pili wa kitanda, hajagusa uji wake.

Simu inatetemeka kwenye shuka. Bosi. Mama ameitazama simu, kisha mimi.

"Pokea," amesema. "Na ujibu hapa hapa, nami nisikie."