Nimebaki na Kiitikio Tu

Mwaitu, mama yangu,

Jana nilishuka mtoni. Nakuambia mapema usije ukauliza habari za mchanga: hakuna. Malori yameuzoa wote. Pale tulipokuwa tukichimbua maji kwa kata ya kibuyu pamebaki mwamba mtupu, unaunguza nyayo.

Nilikuwa nalitafuta shairi lako, lile ulilotunga mwenyewe. Ulikuwa ukiliongoza siku za mwethya, wanawake wa kijiji wakichimba matuta leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wewe mbele, ukitaja mahali: chini ya mkuyu, penye jiwe la kufulia, kwenye kona ya ng'ombe. Sisi tukishusha majembe tuliitikia, "Tulikunywa hapa." Nilipokuwa mtoto lilinichekesha. Mbona watu wazima wanajisifia kunywa maji? Ukaniambia, "Wewe chimba. Utajua tu."

Nimejua, mama. Katikati ya shairi uliacha kutaja mahali ukaanza kutaja marehemu, wenzako mliokuwa mkiteka maji pamoja, na kiitikio hakikubadilika. Hapo ndipo sauti za wanawake zilipozama. Hukusema hata mara moja kwamba umewakumbuka, wala kwamba mto unakufa. Ulitaja tu, tukaitikia. Siku hizi nafundisha mashairi huko Nunguni, na sijaona lingine linaloniuma namna hiyo kwa maneno machache hivyo.

Siku ya kukuzika, wanawake wa mwethya waliobaki walisimama kando ya kaburi. Jirani yetu Mama Kioko akanishika mkono. "Anzisha, Mwalimu. Si wewe ndiye mtoto wake? Sisi tutaitikia tu."

Nikafungua mdomo. Nikalitafuta neno la kwanza; sikulijua. Maisha yangu yote nilikuwa upande wa kuitikia, na wao pia. Maneno ya kuanzisha yalikuwa yako peke yako. Tukatazamana, kisha mchungaji akaomba na vijana wakaanza kurudisha udongo.

Tangu hapo nimeuliza nyumba baada ya nyumba. "Si ilianza na mkuyu?" anasema mmoja. "Zii, ni lile jiwe," mwingine anambishia. Wote wananiimbia kiitikio, tena kwa furaha, wakidhani wamenisaidia. Narudi nyumbani nikilia. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini kujua hakujanipunguzia chochote. Nimekupoteza wewe, na sasa nimepoteza hata njia uliyotuonyesha ya kuwalilia waliokwenda.

Jana pale mwambani nililitaja jina lako kwa sauti, kama ulivyokuwa ukiyataja ya wenzako. Nikangoja. Hapakuwa na majembe wala watu, ni jua tu. Mwishowe nikajiitikia mwenyewe:

"Tulikunywa hapa."

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.