Aliyeniamkia kwa Majina ya Ukoo

Nomaxabiso mjukuu wangu,

Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kiburi. Nguruwe amezaa saba. Wewe huli vizuri, najua, na kwa ukaidi wako hutasema.

Jumanne kijana alinipigia simu, akasema anatoka ofisi inayowalipa mafao ninyi mlioachishwa kazi kiwandani. Akaniamkia kwa majina ya ukoo wetu, “Bhungane, Mthimkhulu,” akataja mpaka wazee ambao baba yako mwenyewe hawajui. Mtu aliyelelewa hivyo utamkatia simu? Akasema, “Bibi, mafao ya mjukuu yamekwama. Nisomee namba zake tu, niyaharakishe.” Nikatoa karatasi zako kabatini, nikamsomea namba ya kitambulisho na ya benki.

Leo jirani yangu Nosayinethi kaniambia, “We Nowinile, ofisi ile haiombi namba kwa simu. Umemfungulia mwizi mlango, ukampa na kiti.” Simu nimeifukia kwenye pipa la mahindi, maana yule mtu anapiga tena, na siigusi hata kukupigia wewe.

Barua hii anakuletea dereva wa basi. Ukiipata tu, nenda benki, kisha nenda ofisini kwa miguu yako, wayazuie mafao kabla hajayachukua. Yule mwizi akikupigia kuomba namba ya siri ambayo benki imekutumia kwenye simu, usimpe, hata akikutajia ukoo mpaka kwa Adamu.

Wakikuuliza nani alizitoa namba zako, usinifiche. Sema ni bibi yako, na jina langu ulitaje lote.

Ni mimi niliyekulea,
Nowinile