Namba ya Kaka

Kaka yangu,

Barua hii nampa jirani yetu dereva, maana ulibadilisha laini bila kutuambia. Hatujambo. Paka wa mama amezaa tena. Hapa zahanati kompyuta zimefika, nami karani nahamishia humo kadi za wagonjwa.

Juzi ilikuwa zamu ya mama. Mashine ikauliza ndugu wa kupigiwa simu akizidiwa. Nikaanza kuandika jina langu, akanishika mkono.

"Weka kaka yako."

"Namba je?"

"Ataileta mwenyewe."

Mashine haiendelei bila namba, na mama mbishi kuliko mashine. Basi nimeandika jina lako na namba yangu.

Daktari anasema moyo wake umechoka. Kaka, njoo, simu hiyo isije ikaita nikapokea mimi.

Dada yako, anayekushikia zamu.