Bi Harusi Aliyebaki Katikati ya Ruvu

Shikamoo Bibi,

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia.

Chumba chako hapa Mbagala amehamia Shangazi na cherehani yake. Kanga zako waligawana baada ya arobaini. Mie sikuomba kitu. Nimebaki na sauti yako kwenye simu, zile hadithi za Kizaramo tulizokuwa tunarekodi. Nikitoka kazini Kurasini najifungia, naisikiliza. Wewe unasimulia, mie naitikia peke yangu. Wadogo zangu wakipita dirishani wanadhani naongea na mchumba.

Kizaramo hiki sina pa kukipeleka, Bibi. Shangazi anakielewa, lakini ananijibu Kiswahili. Na hakuna tena wa kuniita mume wangu na kunigombeza, mume gani anarudi mikono mitupu.

Yule mwalimu wa chuo anayekusanya hadithi za Wazaramo alinipigia. Zako zote ameshaziandika. "Kaka Hamisi," akasema, "hii ya bi harusi haina mwisho. Niandike haijakamilika?" Nikamwomba asubiri.

Ni ile ya kiboko anayevusha watu mto Ruvu. Kambeba bi harusi mgongoni, wamefika katikati, anasimama. Anasema hasogei mpaka aambiwe yule anayelia kule walikotoka ni nani. Hapo ukanyamaza. Kwenye simu kuna kimya, halafu kikohozi chako, halafu mie nasema, "Pumzika Bibi, tutamalizia kesho."

Kesho yake tulikupeleka hospitali. Hukurudi.

Basi nikaenda Wazo kwa mdogo wako, Bibi Tatu. Nilimkuta barazani anachambua mchicha. Nikamwekea ile hadithi. Aliposikia sauti yako tu, mikono ikasimama, akajifunika uso kwa kanga. Nikamngoja. Kilipofika kile kimya nikamuuliza mwisho wake nini.

"Mwisho gani tena? Ndio hapo."

"Lakini bi harusi bado yuko majini, Bibi."

"Anayesikiliza ndiye anamvusha. Mama yetu akifika hapo alikuwa ananyamaza, anatutazama mmoja mmoja. Dada alikuwa anasema anayelia ni mama mtu. Mie nasema ni mdogo wake, kaachwa na kazi zote za nyumbani. Kila mtu na lake." Akanigeukia. "Haya, wewe unasemaje?"

Bibi. Kumbe ulikuwa unaningoja mie. Ulinyamaza ili nijibu, na mie nikadhani umechoka.

Nikabonyeza simu irekodi. Halafu nikajibu kwa Kizaramo, hiki changu cha kukoseakosea. Nikasema anayelia ni mjukuu wake, hana mtu mwingine wa kuongea naye. Bibi Tatu akanisahihisha neno moja. Nikalirudia mpaka akaridhika.

"Haya," akasema taratibu. "Kiboko kasogea."

Tukakaa tu pale, mchicha ukanyauka kwenye ungo.

Yote yamo kwenye simu, na mwalimu nimeshamtumia. Anasema ataandika imekamilika. Nilirudi Mbagala nimejaa, natamani kumhadithia mtu. Shangazi alikuwa anashona. Wadogo zangu walikuwa na singeli yao. Nikazunguka uani, nikaingia ndani, nikakuandikia wewe.

Nakuahidi, Bibi: kila Jumapili nitakwenda Wazo, maadamu Bibi Tatu yupo. Akinyamaza nitajibu, hata nikikosea. Na Mungu akinijalia mtoto, nitamsemesha Kizaramo tangu yuko mchanga. Najua itachukua muda kabla hajanijibu. Nitaendelea tu kumsemesha.

Kwa heri, Bibi wangu. Nisalimie Babu.

Mjukuu wako,
Hamisi