Sindano Moja Imebaki

Mama Nyambura, mwalimu wangu,

Nimevunja sindano. Naanzia hapo kwa sababu ungekuwa hai ningekuambia hilo hata kabla ya salamu, nawe ungeniuliza swali moja tu: vipande vyote viko? Havikuwa vyote. Ndiyo maana naandika, ingawa najua hakuna posta inayofika huko uliko, na kama ingefika ungeanza kwa kulaumu mwandiko wangu.

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Chumba chetu nyuma ya kanisa ni kile kile, na baridi ya asubuhi bado inatufanya tushone na sweta mbili. Akina mama waliniachia kiti chako cha dirishani. Hakuna aliyeniuliza kama nakitaka. Nilifika Jumatatu moja nikakuta wote wameketi, kiti chako kitupu, na nilipotafuta pengine pa kukaa hapakuwepo. Nikakaa. Tangu siku hiyo sijakaa nikatulia.

Kazi haijabadilika. Kila binti wa kanisa letu akijifungua mtoto wa kwanza tunampelekea blanketi la vipande siku ya kwenda kumwona mtoto, pamoja na uji. Mabaki ya mafundi wa cherehani juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, na yote yanashikwa kwa mkono. Lile la njano na kahawia uliloliacha nusu nimeachiwa mimi nilimalize. Mtoto ameshazaliwa. Tunalipeleka Jumamosi hii, na leo ni Alhamisi.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Macho yangu yameanza kuchoka, na yalianza ukiwa hai. Nilikuwa naulamba uzi, naukata, naulamba tena, na tundu la sindano linanikimbia. Unakumbuka ulivyonitania kwamba tumbo la Mmeru haliwezi baridi ya Nyeri, kwa vile nilikuwa naenda chooni mara kwa mara? Tumbo halikuwa na shida yoyote. Nilikuwa nasimama nyuma ya choo na sindano mkononi, nikitafuta jua ili nitie uzi pasipo kuonekana. Niliogopa ungenipa kazi ya kupika chai.

Baada ya mazishi nilienda mjini, kwenye duka la vitambaa karibu na stendi, nikamwomba mwenye duka anitolee kila sindano ya mkono aliyokuwa nayo. Nilizijaribu mlangoni, kwenye mwanga. Zile nene zenye tundu kubwa zilipitisha uzi vizuri lakini ziliacha shimo kwenye kitambaa. Nyembamba ndefu, tundu lake sikuliona kabisa. Mwisho akanionyesha zile zenye ufa juu ya tundu, ambazo huhitaji kulenga kitu: unaulaza uzi kichwani, unauvuta chini, unaingia wenyewe. Nilitia uzi mara sita bila kukosa. Karibu nilie pale mlangoni pa watu.

Najua ulizikataa. Mgeni mmoja alituletea moja, ukaigeuza mkononi, ukasema, "Hii ni ya mvivu. Iko na mdomo wazi, itakula uzi." Na kweli, uzi unachanika pale kwenye ufa usipokuwa mwangalifu. Nilinunua hata hivyo.

Jumatatu nilikuwa nashona pindo, pale kwenye kona ambapo vitambaa vinalaliana mara nyingi. Sindano ikakataa. Nikaisukuma kwa ile kofia ya chuma ya kidole, kwa nguvu, kama ulivyonifundisha kufanya na zile za zamani. Kichwa kikakatika. Nusu moja ya ufa ilibaki kwenye sindano. Nusu nyingine, ndogo kama punje ya mtama na yenye ncha, ikazama ndani ya blanketi la mtoto.

Nikuambie nilichofanya kwanza? Niliangalia kama kuna aliyeniona.

Hakuna aliyeniona. Jioni tulihesabu sindano kwenye lile kopo lako la mafuta, kwa desturi yako, kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Miaka yote ulisimama mlangoni ukisema, "Sindano ikipotea, hakuna mtu anaenda nyumbani." Mara moja tulikaa hadi giza, tukatambaa sakafuni wote, hata mke wa mchungaji, na sindano ikapatikana kwenye kitambaa chake cha kichwa. Jumatatu nilihesabu kumi na moja kwa sauti na ya kumi na mbili, nzima kati ya zile nilizonunua, nikaitoa mfukoni mwangu. Wakaenda nyumbani.

Usiku huo sikulala. Jumanne asubuhi nilibeba blanketi hadi kwa fundi wa redio, nikamwomba sumaku ya spika iliyokufa. Alicheka, akanipa. Nikalitandika blanketi mezani kwangu nikaipitisha polepole, kiganja kwa kiganja. Kwenye kona kitambaa kikainuka kidogo. Nikafumua, nikakipata kipande changu. Nilipiga magoti nikashukuru.

Ningeachia hapo. Lakini moyo ulikuwa bado unagonga, na ili niutulize nikaendelea kuipitisha sumaku, hata upande wako ambao haukuhitaji. Katikati, kwenye vipande vya njano, kitambaa kikainuka tena.

Ilikuwa sindano nzima, Mama. Ya zamani, yenye tundu lililofungwa, na uzi wa shubiri moja uliopakwa nta ya mshumaa. Ni wewe tu uliyekuwa ukisugua uzi kwenye mshumaa.

Nikaenda kwenye kikapu chako, kile alichonipa binti yako Nyambura siku ya mazishi. Sikuwa nimekipekua, kwa heshima. Chini kabisa kulikuwa na pakiti ya sindano kama zile za kopo, zimechomekwa kwenye karatasi kwa mstari. Nafasi tatu zilikuwa tupu. Nikaelewa kwa nini hesabu yako ya jioni haikukosea hata siku moja.

Nilikasirika. Nakuambia wazi kwa sababu siwezi kukusengenya kwa mtu mwingine. Ulitutambaza sakafuni, wewe mwenyewe unajaza kopo kwa siri. Mwaka wako wa mwisho, ukiacha hili la njano, ulimaliza mablanketi matatu: moja liko Sagana, moja Kagio, na moja liko kwa Nyambura mwenyewe kule Kutus, juu ya mjukuu wako. Uliwezaje kumfunika mtoto huku unajua? Nilikuuliza hivyo nikiwa peke yangu jikoni, kwa sauti. Kisha nikakumbuka mkono wangu ukiingia mfukoni Jumatatu jioni.

Jana nilipanda basi. Nilikuwa na sumaku ndani ya leso, na nilikusudia kuanza na Sagana. Basi lilisimama Sagana. Sikushuka. Nilimwona kichwani mwangu baba wa msichana mwenye blanketi la pale, mzee wetu wa kanisa, alivyosimama kaburini kwako akasema mikono yako haikuwahi kukosea. Likasimama Kagio. Nikamfikiria Wangui, mwenye blanketi la huko, ulimi wake unavyojulikana, na sikushuka. Nikafika Kutus kwa sababu kule ni kwako, na aibu ya nyumbani inafichika.

Nyambura alinipokea kwa chai na ndizi. Mtoto ana meno mawili, na ana paji la uso lako. Nikadanganya kwamba nimekuja kukaza pindo. Akalileta blanketi, akanicheka, akasema, "Karimi, hata wewe? Mama alikuja akalichukua wiki nzima, ati pindo ni mbaya. Akarudisha ikiwa mbaya zaidi."

Nikaipitisha sumaku blanketi zima. Haikushika kitu. Kisha nikaona ubavuni, mahali palipofumuliwa pakashonwa upya. Mishono mikubwa, mmoja unakwenda juu, mwingine chini, mmoja haujashika kitambaa kabisa. Mtoto wa darasa la pili angeshona vizuri zaidi. Nyambura alisema ilikuwa mwezi mmoja kabla hujajilaza usiamke tena. Nilisema nimeingiwa na moshi machoni, nikatoka nje.

Uliitafuta kwa vidole, sivyo? Huna sumaku, huna macho, unapapasa sufu ya blanketi kuukuu hadi ikuchome. Ukaipata. Ulikuwa umeanza kuzirudisha, Mama Nyambura, na kifo hakikungoja. Ninasikitika kwamba tulikaa kiti kwa kiti, wawili tusioona, kila mmoja akimficha mwenzake. Ningejua ningekutilia uzi. Ningejua ningekununulia zile za mdomo wazi na ungenitukana na ungezitumia.

Tatu zilitoka kwenye pakiti. Moja ilikuwa kwenye vipande vya njano, moja uliitoa mwenyewe Kutus. Imebaki moja, na iko Sagana au Kagio, na mtoto wa Sagana nasikia ameanza kutambaa.

Leo asubuhi, kabla hatujaanza kushona, niliwaambia akina mama kwamba macho yangu yamechoka, na kwamba Jumatatu hesabu ilikuwa ya uongo na aliyedanganya ni mimi. Mke wa mchungaji akanyoosha mkono, akauliza kama nina sindano ya ufa ya ziada. Na mwingine. Tumekubaliana: zile za ufa ni za pindo jepesi tu, bila kusukuma kwa chuma, za kupita tabaka zote ni zile za zamani, na mwenye macho atamtilia uzi asiye nayo, mchana, mbele ya watu. Na sumaku itapita kila blanketi kabla halijatoka mlangoni. La njano limepita. Ni salama.

Kesho nitashuka Sagana, kisha Kagio. Nimewaza sana nitasema nini mlangoni. Nilitaka kusema ni mimi niliyeipoteza, nikulinde. Lakini uongo mdogo wa mfukoni ndio uliotufikisha hapa. Nitasema sindano yetu imepotea na tumekuja kuitafuta. Wakiuliza ya nani, nitasema ya chumba chetu, na kwamba mwalimu wetu alianza kuitafuta kabla yangu. Wangui aseme atakalo.

Ile ya tatu nikiipata, nitaichomeka kwenye karatasi yake pamoja na ile yenye uzi wa mshumaa. Lala sasa, mwalimu wangu. Hesabu nitaimaliza mimi.

Mwanafunzi wako,
Karimi