Hata Maksai Hufunguliwa

Jumanne usiku.

Mkono bado unawaka. Mwanangu Neema alining'ata mpaka damu ikatoka, lakini nilianza mimi. Mtoto wa miaka sita, saa nane mchana, anasinzia juu ya hesabu tulizoanza asubuhi. Nikamchapa vidole kwa mwiko. Nilitaka majirani hapa Kirumba wajue kwamba kusoma nyumbani nako ni shule.

Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Misungwi, akaninyang'anya mwiko akanitandika nao mgongoni.

"Hata maksai wa plau tunawafungua saa nne, jua likianza kuchoma! Huyu wewe unamlimisha mpaka saa ngapi?"

Nilitaka kumrudishia. Mungu anisamehe, nilitaka kabisa.

Kesho saa nne namfungua Neema. Ingawa hata kuanza sijui tutaanzaje. Vidole vimevimba, hawezi kushika penseli.